Hapa Hatuuzi Magari, Tunaozesha

Iko nchi moja, na asikudanganye mtu kwamba iko mbali, ambayo raia wake wanapendwa na serikali yao kuliko raia wa nchi yoyote. Wanapendwa mpaka wanachoka. Nchi hiyo ina sheria nzuri sana. Inasema hivi: mtu akikuuzia gari, liwe jipya au lililokwisha kula chumvi nyingi, na likawa na ubovu uliokuwemo tangu siku ya kuuziwa, basi kwa miaka miwili aliyekuuzia atalitengeneza mwenyewe kwa gharama yake. Akishindwa, atachukua chake na kukurudishia chako. Haki hiyo hailipiwi. Unaipata siku unayonunua, kama mtoto anavyozaliwa na kitovu chake.

Wakubwa wa nchi wanaipenda sheria hiyo mno. Wameiandika kwa herufi za dhahabu kwenye ubao mkubwa, na ubao wameulaza juu ya paa la Wizara ya Furaha ya Mnunuzi, ukitazama mbinguni, ili macho ya watu yasiuchakaze. Njiwa wote wa mji ule wanaijua kwa moyo.

Na wenye yadi za magari hawakuivunja hata siku moja. Hilo lazima lisemwe, wasije wakaonewa bure. Walichofanya ni kuacha kuuza magari. Waliamua kuyaozesha.

Bi Zaituni hakuyajua hayo. Alikuwa mshona sare za shule, mjane, na mtoto wake ni mmoja tu, Sudi, kijana mpole aliyeendesha teksi za watu mpaka akachoka kuamkiwa na matusi ya matajiri wake. Mama na mwana walidunduliza. Ulipofika wakati wakaenda yadi ya Bwana Karama, kubwa kuliko zote, na juu ya geti wakakuta maandishi: HAPA HATUUZI MAGARI, TUNAOZESHA. Bi Zaituni akacheka. Alidhani ni maneno ya biashara tu, kama kinyozi anayeandika kwamba yeye ni daktari wa vichwa.

Ndani walipokelewa na ngoma. Gari lenyewe, dogo, jeupe, lilikuwa limefunikwa shela kuanzia boneti hadi nyuma, na magurudumu yake yamepakwa hina. Wanawake wa kukodiwa wakapiga vigelegele. Bwana Karama, mtu mfupi mwenye koti lililomfika visiginoni, akapanda juu ya tairi kuukuu na kusafisha koo.

"Wakwe zetu," akasema, "karibuni mchukue binti yetu. Sisi si wachuuzi. Mchuuzi anakupa mali, anachukua fedha, kesho mkikutana hakujui. Sisi tunatafuta udugu. Tangu leo kijana huyu akijikwaa, sisi huku tunachechemea. Akilala njaa, sisi huku matumbo yanatunguruma. Nani katika dunia hii anauziwa gari akapewa na ukoo juu yake?"

"Nashukuru, baba," Bi Zaituni akasema. "Ila nilikuwa nauliza, dhamana yake ikoje? Nimesikia kuna miaka miwili ya sheria."

Ngoma ikanyamaza. Mwanamke mmoja wa vigelegele alibaki ulimi nje, hajui aurudishe au auache. Bwana Karama akaweka mkono kifuani kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Mama mkwe," akasema taratibu, "hebu nikuulize mbele ya watu. Ulipoolewa wewe, marehemu baba yake Sudi aliuliza dhamana? Alisema, huyu nikimkuta ana kasoro namrudisha kwao?"

"Hakusema."

"Basi."

"Lakini mimi sikuwa na magurudumu," Bi Zaituni akasema.

Sudi akamvuta kanga. "Mama, unatutia aibu."

Bwana Karama alikuwa mtu wa huruma. Akashuka kutoka juu ya tairi, akamsogeza mama pembeni, akamweleza kwa sauti ya mtu na dada yake kwamba ile miaka miwili ni ya watu wasioaminiana, tena ni ya magari yanayotoka kiwandani na nailoni zake, si ya mabinti waliokwisha kuona dunia. Lakini kwa kuwa mama ana wasiwasi, na wasiwasi wa mzazi ni ibada, yuko radhi kumwongezea kitu kinachoitwa Baraka za Wazee, ulinzi wa miezi sita, kwa malipo madogo pembeni. Bi Zaituni akashika mkono wa Bwana Karama kwa shukrani. Akalipa, tena juu ya fedha yote ya gari, ambayo pale iliitwa mahari. Yaani alinunua nusu mwaka wa kitu ambacho miaka miwili yake ilikuwa mali yake tangu alipofungua pochi.

Kisha ikaletwa pilau. Sinia kubwa, na nyama nyingi kuliko breki. Juu ya jiko palibandikwa kibao kisemacho, Mla Pilau Hana Lawama, lakini nani anasoma kibao harufu ya bizari inapompita puani? Bi Zaituni akala. Akala vizuri, akasifu, akaomba ukoko.

Fungate haijaisha, mama akaanza kuona jambo. Kila jioni Sudi alipokuwa anarudi hakusimama mlangoni. Alisimama kwenye lundo la mchanga la jirani yao aliyekuwa anajenga. Gari linakuja, linapanda mchanga, linazama nusu gurudumu, linatulia.

"Sudi, mbona kila siku unasimama kwenye mchanga wa watu?"

"Napapenda."

"Unapapenda mchangani? Wewe kuku?"

Sudi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, hashiki."

"Hashiki nini?"

"Breki. Mara anashika, mara hashiki. Nikikanyaga mguu unakwenda mpaka chini, kama nakanyaga uji."

"Toka lini?"

"Toka tunatoka getini."

"Na hukusema?"

"Ngoma zilikuwa zinalia, mama. Ningesemaje?"

Na hapa ndipo watu wa nchi ile walipokosea, na kosa lenyewe lilitoka katika malezi mema. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba ya ndani hayatoki nje. Mtaa wa pili alikuwako bwana aliyeozeshwa gari lisilorudi nyuma. Akiipita nyumba yake kwa hatua mbili anauzunguka mji mzima ndipo afike tena mlangoni, na ukimuuliza habari za nyumbani anasema tunashukuru, ni mtulivu. Mwalimu mmoja gari lake lilikuwa halifunguki milango. Aliingia na kutoka dirishani, na suti yake, akisema anapenda mazoezi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema. Walikutana barabarani wakapigiana honi za heshima, wale ambao honi zao zilikuwa zinalia.

Kuanzia siku ile Bi Zaituni hakuwa na raha. Akishona, cherehani ikikwama anaruka. Mtu akibisha hodi kwa nguvu, anatoka mbio kutazama barabarani. Alijua kinachokuja kama anayeona mtungi ukiteleza kichwani kwa mwenziwe na yeye mikono yake haifiki. "Mji huu wote ni vilima," akamwambia Sudi, "na mchanga uko mahali pamoja tu. Tunakwenda yadi."

Kule yadi, Bwana Karama hakuwepo. Walipelekwa kwa kungwi wa magari, Bi Shemsa, aliyekaa mkekani katikati ya matairi akijipepea.

"Unamkanyaga vipi?" akamuuliza Sudi.

"Kwa mguu."

"Ndiyo maana. Mwanangu, binti huyu kalelewa kwa upole. Hakanyagwi kama mende. Unampigia honi kwanza ajue unakuja, unambembeleza na gia, unamwambia maneno. Ukifika ukingoni kabisa ndipo unamgusa."

"Na kama mbele kuna mtoto anavuka?" Bi Zaituni akauliza.

"Mtoto wa nani?"

Bi Zaituni akamsogelea kungwi. "Mama, tulilipia Baraka za Wazee."

"Mnazo, nani kawanyang'anya? Baraka za Wazee zinafunika honi, zulia na harufu. Breki ni tabia. Tabia haina dhamana popote duniani."

"Basi tutampeleka kwa fundi wa gereji ya mtaani. Atamtazama, tutamlipa wenyewe."

Kungwi akaacha kujipepea. Aliangalia kushoto na kulia kama mtu aliyesikia tusi. "Mwanamume wa nje amfunue boneti? Hiyo ni zinaa, bibi. Ndoa inavunjika hapo hapo, binti anarudi kwao, na mahari hamuioni tena. Sitaki kusikia tena neno hilo, na nyinyi msiseme kama mlilisema."

Njiani, wakitambaa na gia ya kwanza, mama akasema twende hivyo hivyo kwa fundi. Sudi akakataa. "Tukilikosa gari tumekosa kila kitu. Narudi kutumwa na matajiri?" Bi Zaituni akashika dashibodi kwa mikono miwili kama vile angeweza yeye kulizuia.

Akabaki na njia moja, Wizara.

Kwenye Wizara ya Furaha ya Mnunuzi lilikuwako Dirisha la Wanunuzi, pana, lenye kioo kisafi, na mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Ndani alikaa Afisa Kipepe, akifuta vumbi kwenye kikombe cha fedha. Nchi ilikuwa imetunukiwa kikombe hicho na nchi rafiki kwa kutokuwa na malalamiko.

"Wewe ni mnunuzi?" akauliza, akiwa na furaha ya kweli, maana hajaona mnunuzi kwa miaka.

"Ndiyo, baba. Gari letu halina breki, na aliyetuuzia hataki kulitengeneza."

"Ulikula pilau?"

"Nilikula."

"Ilikuwa nzuri?"

"Baba, nimekuja kwa ajili ya breki."

"Jibu swali, mama. Limo katika utaratibu."

"Ilikuwa nzuri."

Uso wa Afisa Kipepe ukasinyaa. "Basi wewe si mnunuzi. Wewe ni mkwe. Sheria ya dhamana inamlinda mnunuzi. Mkwe analindwa na upendo."

"Hakuna sheria ya wakwe?"

"Ipo, na ni fupi. Ya ndani yasitoke nje, na mke hatoki kwa mumewe mpaka mume atamke talaka. Basi. Serikali haiingii chumbani kwa watu."

"Mwanangu atakufa ndani ya gari hilo," Bi Zaituni akasema. "Nifanye nini niwe mnunuzi? Nisubiri afe?"

"Akifa utakuwa mfiwa," Afisa Kipepe akasema kwa upole. "Dirisha la wafiwa liko ghorofa ya juu. Wana viti vizuri kuliko sisi."

Ikafika Sikukuu ya Dhamana, ambayo katika nchi ile huadhimishwa kwa shangwe kuliko sikukuu zote. Bwana Karama akatuma mjumbe nyumba kwa nyumba: wakwe wote walete mabinti wao kwenye Maandamano ya Wanandoa Wenye Furaha, kutoka Wizarani juu kilimani hadi uwanja wa michezo bondeni. Na kwa Sudi akaongeza salamu za siri, kwamba baada ya maandamano wazee wataitazama ile tabia.

"Usiende," Bi Zaituni akasema.

"Mama, wamesema leo wataitazama."

"Breki haitengenezwi kwa kutazamwa. Sudi, njia yote ile ni mteremko. Mwambie mjumbe unaumwa. Mwambie mama yako kafa."

"Nitakuwa wa mwisho kabisa, nitakwenda polepole. Nisipokwenda watasema nimemtelekeza, na wazee hawatatazama kitu." Akaingia garini. Kisha akatoa kichwa dirishani na kusema, "Niwekee chai," kama mtu anayekwenda dukani.

Mheshimiwa Waziri alisema maneno mazito siku ile. "Ndugu wananchi," alisema, "katika nchi za wenzetu wanunuzi wanalia usiku na mchana. Hapa kwetu hakuna mnunuzi anayelia, kwa sababu hakuna mnunuzi. Tumeufuta ununuzi kama tulivyofuta ndui." Watu wakapiga makofi. Magari yakaanza kushuka, yenye kanga na maua, na lile lisilorudi nyuma lilitangulia.

Sudi alikuwa wa mwisho kweli. Alipiga honi kwanza, kama alivyofundishwa. Alibembeleza na gia. Nusu ya mteremko akagusa, na mguu ukaenda mpaka chini, akagusa tena, uji mtupu. Chini, pale njia inapopinda, walikuwa wamepangwa watoto wa shule na bendera mikononi. Aliziona sare zao. Shati la samawati, kola iliyopigwa mistari miwili ya uzi mweupe. Ilikuwa kazi ya mkono wa mama yake. Akaukata usukani upande wa ukuta.

Hakuna mtoto aliyeguswa. Mguu wa Sudi, ule wa kukanyagia, walimkata hospitali siku hiyo hiyo juu ya goti.

Redio ya taifa ikatangaza jioni kwamba kijana mmoja, kwa sababu zisizojulikana, amempiga mkewe kwenye ukuta wa serikali. Wizara ikatoa pole kwa ukuta.

Sudi aliporudishwa nyumbani alilazwa mkekani karibu na mlango, apate hewa. Gari nalo lilikuwa limeburutwa na kuachwa uani, pua imekunjamana, kimebaki kioo kimoja. Haikupita muda ukaja ujumbe wa Bwana Karama, na ngoma ikipigwa kwa staha, na kungwi Bi Shemsa amejitanda nyeusi.

"Tumekuja kwa masikitiko," Bwana Karama akasema. "Mume asiye na mguu hawezi kumtunza mke. Hatumlaumu, ni majaliwa. Tutamchukua binti yetu akapumzike kwao."

Bi Zaituni alikuwa amekaa chini, amechoka kulia. Angemwacha aende. Kwa nini asimwache? Chuma kile kilikuwa kimemlia mguu wa mwanawe, kuliona tu kulimtia kichefuchefu. Lakini alipoinua macho aliona nje ya geti wanaume wawili wenye nyundo za kunyooshea bodi, na mmoja kashika kopo la rangi.

"Rangi hiyo ya nini?"

"Ni dawa, mama mkwe."

"Kwani atapona?"

"Atapona na atapendeza. Tena ana bahati, kishapata mposaji. Kijana mzuri, yuko kwetu sasa hivi na mama yake, wanakunywa soda."

Bi Zaituni akasimama. Alitembea mpaka kwenye gari, akakaa juu ya boneti iliyokunjamana, akajifunga kanga vizuri.

"Hatoki," akasema.

"Mama mkwe..."

"Nimempenda. Mkwe ni mkwe, awe na pua au asiwe nayo. Na mke hatoki kwa mumewe mpaka mume atamke. Muulizeni mumewe."

Wote wakageuka kumtazama Sudi. Alitazama pale ambapo mguu wake ungekuwepo.

"Sitamki," akasema.

Bwana Karama akachuchumaa kando ya mkeka, akateremsha sauti. "Mkwe wangu, sikiliza. Hatukuachi mpweke. Tutakupa mdogo wake. Binti mbichi, hana hata mkwaruzo. Tutamfungia kifaa cha kuendeshea kwa mkono."

"Huyo mdogo, breki zake zinashika?"

"Zinashika sana."

"Kumbe mnayo yenye breki," Sudi akasema.

Mpiga ngoma akajikuna shingo. Bwana Karama akatuma mtu mbio kumleta Afisa Kipepe, naye akaja akihema na kofia ya kazi, akasikiliza pande zote, akaamriwa na Bwana Karama kwa ukali aseme neno la serikali.

"Mke hatoki kwa mumewe mpaka mume atamke," Afisa Kipepe akasema.

"Sema vingine. Wewe ndiye serikali."

"Nikisema vingine, nitakuwa nimesema hii si ndoa. Kama si ndoa ni mauziano. Na kama ni mauziano..." Akainua macho juu, upande ule wa kilima ambako njiwa walikuwa wanatua kwenye paa la Wizara. Akavua kofia, akaivaa tena. Hakulimaliza neno lake, na mpaka leo hajalimaliza.

Wakaondoka na rangi yao.

Asifikiri mtu kwamba Bi Zaituni alipata haki yake. Hakupata hata nati. Mahari ilikwenda, gari ni chuma chakavu, na Sudi anajifunza kushona kwa mama yake, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Siku za vumbi huwashwa kidole cha mguu ambao haupo, na mama anamkuna hewani, wote wawili wakijua.

Lakini aliwaita vijana wa mtaa wakalisukuma gari mpaka nje ya ua, ukingoni mwa barabara, na hiyo ndiyo barabara ya kwenda yadi. Kila msafara wa posa lazima upite hapo.

Siku moja ulipita mmoja, na ngoma na masinia kichwani, na mbele yupo mama mnene mwenye vitenge vya sare na mwanawe, akipiga vigelegele kwa sauti nene kuliko wote. Mama yule akasimama kuvuta pumzi. Akaliona gari. Akamwona na Bi Zaituni mlangoni, anapiga pindo shati la mtoto.

"Hodi hapa. Na hili nalo?"

"Mkwe wangu," Bi Zaituni akasema.

"Katoka ukoo gani?"

"Huko huko mnakokwenda."

Yule mama akatazama pua iliyokunjamana. Kisha akamtazama Sudi aliyekuwa ameegemea mlango na magongo yake, na mguu wa suruali uliofungwa fundo. Akacheka kidogo, kicheko cha kujitoa. "Wetu sisi tumemchagua vizuri. Mweupe, mtulivu."

"Na huyu alikuwa mweupe," Bi Zaituni akasema. "Mwambie mwanao akanyage breki kabla hamjala. Mbele ya watu. Waache wakuone huna adabu."

"Mama, twende, wanatungoja," kijana akasema, na uso wake ulikuwa na aibu ile ile.

Msafara ukaendelea. Ngoma ikashika, vigelegele vikapanda kilima, kimoja baada ya kingine. Bi Zaituni alisimama na sindano mkononi akivisikiliza mpaka vikapotelea kule juu. Sauti nene ya mama yule haikuwamo.